Kipimo, Kosa na Shaka: Kiswahili cha Kwanta Mpakani Busia na Malaba

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipimo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Malori yaliyokuwa yameshika njia ya Busia na Malaba yalikwama. Siku chache baadaye marufuku hayo yaliondolewa na mahali pake pakawekwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iandamane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mengi yalisemwa wakati huo kuhusu siasa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, bei ya unga na kilio cha wakulima. Makala haya yanadhamiria kuuangalia upande ambao hauvutii vichwa vya habari, nao ni lugha ya kipimo chenyewe.

Sehemu 10 katika bilioni ni kiasi gani? Tuseme lori limebeba tani 30 za mahindi na limesimama katika foleni ya Malaba. Kiwango hicho kikigeuzwa kuwa uzito ni takriban gramu 0.3, yaani uzito wa punje moja ya mahindi katika lori zima. Mfanyabiashara aliyezoea gorogoro, debe na gunia anaambiwa kwamba hatima ya mzigo wake imefungwa katika kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala mkono kukihisi. Hapana shaka kwamba kiwango hicho kina haki yake. Mwaka 2004 sumukuvu iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, nao walikuwa wamekula mahindi ambayo kwa macho yalikuwa chakula kama chakula kingine. Kwa hiyo swali si kama kipimo kiwepo au kisiwepo. Swali ni jinsi kinavyoelezwa kwa yule anayepimiwa.

Hapa ndipo fizikia ya kwanta inapoingia katika foleni ya malori, ingawa wengi wetu katika idara za Kiswahili tumezoea kudhani kwamba makao yake ni Ulaya na Marekani pekee. Aina kuu za sumukuvu hutambulishwa kwa herufi B na G kwa kuwa zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hung'aa, moja kwa rangi ya buluu na nyingine kwa kijani. Molekuli hupokea nuru kwa kipande kimoja kizima, hupoteza sehemu ya nishati hiyo, kisha hurudisha kipande kilicho kidogo zaidi, na ndiyo maana miale isiyoonekana hurudi ikiwa rangi inayoonekana. Haipokei nusu ya kipande wala robo. Wazo hili la nishati kutolewa kwa vipande lilianzishwa na Max Planck mwaka 1900, na kipande hicho ndicho tunachokiita kwanta. Mbinu kadhaa za maabara zinazosoma kiasi cha sumukuvu hutegemea mng'ao huo.

Mswahili hakuwa mgeni kabisa wa fikra ya namna hii. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kikijazwa mara nne hutoa pishi. Mfumo wa zamani wa vipimo vya Waswahili, wenye kibaba, pishi, frasila, shubiri, dhiraa na pima, ulikuwa mfumo wa kuhesabu vyombo na viungo vya mwili, na aliyeutumia alijua vyema tofauti ya kitu kinachohesabika na kitu kinachotiririka. Hata hivyo, tusijidanganye kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wanaodai kwamba kila jambo jipya lilikuwa tayari katika methali zetu. Methali inazungumzia subira na akiba. Haizungumzii nuru. Kibaba kinaweza kugawanywa kuwa nusu kibaba, lakini kwanta ya nuru ya rangi fulani haigawanyiki ikabaki nuru ya rangi ile ile. Methali inaweza kumfikisha mwanafunzi mlangoni tu, na akishafika atahitaji istilahi.

Tangu tarehe 20 Mei 2019 uhusiano wa kwanta na mizani umekuwa wa karibu zaidi kuliko wengi wanavyofahamu. Kabla ya siku hiyo, kilogramu ilikuwa kitu. Ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, tangu mwaka 1889, na kila kilo duniani, iwe ya sukari au ya dhahabu, ilipata uhalali wake kutokana na kipande hicho. Tatizo lilikuwa kwamba nakala zake zilipolinganishwa nacho baada ya miongo mingi, zilionekana kuachana nacho kwa kadiri ya mikrogramu 50. Hakuna aliyeweza kusema kama nakala ndizo zilizoongezeka uzito au ni kilo mama iliyopungua, kwa kuwa kisheria kilo mama haikuweza kupungua: yenyewe ndiyo iliyokuwa maana ya kilo! Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliofanyika Versailles mnamo Novemba 2018 ukaamua kwamba kilogramu ifafanuliwe kwa namba isiyobadilika ya Planck, ile ile iliyozaliwa pamoja na wazo la kwanta.

Kazi hiyo hufanywa na mizani maalumu iliyobuniwa na Mwingereza Bryan Kibble, ambayo hulinganisha uzito wa kitu na nguvu ya umeme. Umeme wenyewe hupimwa kwa njia mbili za kwanta. Ya kwanza ilibashiriwa na Brian Josephson mwaka 1962, na ya pili iligunduliwa na Klaus von Klitzing mwaka 1980. Katika zote mbili, umeme haupandi kama maji katika mtungi bali hupanda kwa ngazi, na ngazi zikiwa zile zile mahali popote, maabara yoyote yenye vifaa inaweza kuipata kilogramu bila kusafiri hadi Paris. Sekunde ilikuwa imetangulia mapema zaidi. Tangu mwaka 1967 imekuwa muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya nuru inayohusiana na atomu ya sesi. Mita nayo tangu mwaka 1983 imefungwa katika mwendo wa nuru.

Je, haya yanamhusu vipi mwanamke anayeuza omena katika soko la Busia? Yanamhusu kwa mnyororo. Mizani ya dukani hukaguliwa kwa mawe ya mkaguzi wa vipimo, mawe ya mkaguzi hulinganishwa na yale yaliyo juu yake, na ngazi kwa ngazi mnyororo huo hupanda hadi kwenye vipimo vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango la Kenya mjini Nairobi, kisha hutoka nje ya nchi na hatimaye huishia kwenye namba ya Planck. Kila pingu ya mnyororo ina cheti chake. Gorogoro peke yake imebaki nje. Mkebe huo wa mafuta ya kupikia, ambao ukijaa mahindi hukadiriwa kuwa kilo 2, hauna cheti wala mhuri, nao hugongwa kitako ukaingia ndani ili upokee punje chache zaidi ya zile anazozilipia mnunuzi. Atakayesema kwamba gorogoro iliyobonyea ni mfano wa kipimo cha kwanta, kwa kuwa mpimaji ameathiri anachokipima, atakuwa anatania. Huo ni wizi mdogo wa kawaida. Ila ni kweli kwamba soko zima linaufahamu wizi huo na lina lugha ya kuuzungumzia, ya kuupigia kelele na hata ya kupatana juu yake: mnunuzi hudai aongezewe, muuzaji huongeza ukufi, na biashara huendelea. Gorogoro ina upungufu mwingi, lakini kila mtu anajua jinsi ya kujadiliana nayo. Cheti cha maabara hakijadiliwi.

Malori nayo yamo ndani ya mnyororo bila kujua. Shehena inayopitia Kenya kwenda Uganda hufungwa mihuri ya kielektroniki inayotoa habari za mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti zilizobeba saa za atomu za sesi na rubidi. Mahali hupatikana kwa kupima muda ambao ishara imetumia kusafiri. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali hukosewa kwa takriban mita 300, na pale Busia mita 300 zinatosha kulihamisha lori kutoka nchi moja hadi nyingine bila gurudumu kuzunguka. Katika Webuye, kabla ya kufika Malaba, lori hilo hupandishwa kwenye mizani ya barabara na kupimwa kila ekseli kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013, iliyoweka tani 56 kuwa kikomo cha uzito wa lori pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo dereva anayelala chini ya lori lake Malaba akingoja zamu amekwisha kupimwa mahali, muda na uzito, na mara tatu zote amepimwa kwa vipimo ambavyo asili yake sasa ni fizikia ya chembe ndogo kabisa.

Tuurudie basi mzigo wa mahindi, maana hapa ndipo Kiswahili kinapolemewa. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Kuvu huota kwenye punje chache zilizolowa au kutobolewa na wadudu, na punje moja iliyoathirika vibaya inaweza kubeba sumu nyingi kuliko maelfu ya wenzake. Mpimaji mwaminifu akichota sampuli mbili kutoka lori moja anaweza kupata 7 katika ya kwanza na 14 katika ya pili. Maabara zote mbili ziko sahihi, na mashine hazijaharibika. Tofauti imetokana na kuchota. Juu ya tofauti hiyo kuna nyingine ndogo ya mashine yenyewe, kwa kuwa hakuna chombo, hata kiwe cha kwanta, kinachotoa namba isiyo na kingo. Wanasayansi wa vipimo hulijua jambo hili na huandika kila tokeo pamoja na upana wake, yaani ni kiasi gani juu na kiasi gani chini.

Sasa mwambie mwenye mzigo kwa Kiswahili. Neno lililo karibu zaidi katika vitabu vyetu vya shule ni kosa: kosa la upimaji, kosa la sampuli, kosa la kifaa. Katika lugha ya watu, hata hivyo, kosa lina mkosaji. Afisa akisema, "Mama, kipimo hiki kina kosa," mwenye mzigo atauliza mara moja, "Nani amekosa, na kwa nini mimi ndiye ninayelipa?" Hana ujinga wowote katika kuuliza hivyo. Anaitumia lugha yake barabara. Katika Kiswahili, kosa huombewa msamaha, hulipiwa faini au hufichwa kwa hongo. Sampuli ya pili ikitoa namba tofauti na ya kwanza, lugha haimpi tafsiri nyingine isipokuwa kwamba mtu fulani amechezea mambo. Hivyo jambo ambalo katika maabara ni uaminifu, yaani kukiri upana wa kipimo, linapofika kaunta ya Busia hugeuka kuwa ushahidi wa udanganyifu. Rushwa mpakani haikuletwa na istilahi, wala haitaondolewa na istilahi. Lakini lugha isiyoweza kutenganisha shaka ya haki na kosa la mtu huwapa wala rushwa kichaka kizuri cha kujifichia.

Lipo neno shaka, na makala haya yanalipendekeza kwa moyo mmoja. Shaka haina mkosaji. Mtu huwa na shaka, huondolewa shaka, au hubaki nayo. Upeo wa shaka, kwa maana ya upana ambao namba ya kweli inakisiwa kulala ndani yake, ni usemi unaoweza kueleweka na afisa, na dereva, na mwenye mzigo. Wapo watakaopenda wasaa wa kipimo, kwa kuwa wasaa ni nafasi, na usemi huo ni mzuri sana kwa sikio. Hata hivyo, siku hizi wasaa umeelemea mno upande wa muda, na katika mji ambao malalamiko makuu ni kungoja, msikilizaji atadhani anaambiwa asubiri tena.

Kosa na shaka si jozi pekee yenye matatizo. Neno kipimo lenyewe limebebeshwa mizigo minne: ni chombo cha kupimia, ni kizio kama kilo au mita, ni namba inayotokea, na ni tendo la kuchunguzwa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 madereva walipokwama Malaba wakingoja vipimo vya korona. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika fizikia ya kwanta hautuokoi, kwa kuwa hoja nzima ya fizikia hiyo ni uhusiano baina ya chombo, tendo na namba. Mofolojia ya Kiswahili iko tayari kutusaidia bila kukopa chochote: upimaji kwa tendo, kipimio kwa chombo kwa kutumia kauli ya kutendea, kizio kwa kilo na mita, na kipimo kibakie kwa namba. Maneno haya hayahitaji kikao cha miaka mitatu. Yanahitaji kutumiwa kwa uthabiti na mwalimu mmoja, kisha na wa pili.

Kuna pia suala gumu zaidi ambalo wapenda istilahi hulipita haraka. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2022 ilitolewa kwa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger kwa majaribio yao juu ya chembe za nuru ambazo, hata zikitenganishwa mbali, haziwezi kuelezwa kila moja peke yake. Hali hiyo ndiyo moja ya nguzo za mawasiliano ya siri ya kwanta na za kompyuta za kwanta. Tuiiteje? Pendekezo rahisi linaloweza kumjia mtu kwanza ni chembe pacha. Ni neno tamu, na ndiyo sababu ni la hatari. Pacha wawili wa Busia, mmoja akibaki nyumbani na mwingine akivuka kwenda Kampala, kila mmoja ana sura yake aliyozaliwa nayo. Ukimwona mmoja unajua sura ya mwenzake kwa kuwa sura hizo zilikuwapo tangu mwanzo. Hivyo ndivyo hasa mambo yasivyokuwa katika chembe hizi. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba kama kila chembe ingekuwa imebeba sura yake tangu mwanzo, matokeo ya upimaji yangekuwa na kikomo fulani, na majaribio ya wale watatu yakaonyesha kwamba kikomo hicho kinavukwa. Istilahi chembe pacha ingemfundisha mwanafunzi wa Kiswahili kwa utamu mkubwa wazo ambalo majaribio yamelikanusha. Mfungamano nao umekwisha kutumika sana katika kemia na katika siasa. Pengine msokotano, kwa picha ya nyuzi mbili za kamba ambazo ukizitenganisha huna tena kamba, ungefaa zaidi. Wanafizikia na waandishi wakae pamoja waamue. La muhimu ni kukubali kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya kufikiri, na kwamba neno baya hufundisha jambo baya.

Watakuwapo wa kupinga. Upinzani wa kwanza husema kwamba mambo ya kwanta ni anasa kwa nchi ambazo bado zinahangaika na mbolea na barabara. Jibu lake limekwisha kutolewa na foleni ya malori: kwanta imekwisha kufika Malaba, na kilichobaki ni kama itazungumza nasi au itatusemea. Fedha za simu, ambazo ndizo damu ya biashara ya mpakani tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, zinaingia katika suala hilo hilo. Huduma za kidijitali za aina hiyo hutegemea mbinu za kuficha habari, na mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kuzivunja baadhi ya mbinu zilizo maarufu zaidi. Mwezi Agosti 2024 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilichapisha viwango vya kwanza vya mbinu mpya zinazokusudiwa kustahimili kompyuta hizo. Kuna siku kampuni za simu na benki za Afrika Mashariki zitalazimika kuwaeleza wateja kwa nini mfumo unabadilishwa, na mteja wa Busia ataelezwa kwa lugha gani? Isitoshe, azimio la Umoja wa Mataifa lililoufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta lilisukumwa na Ghana, ambayo haiko mbali nasi kwa uchumi wala kwa matatizo.

Upinzani wa pili ni wa wasomi wenyewe, na huo ndio unaouma zaidi. Husemwa kwamba Kiingereza kinatosha kwa sayansi, na Kiswahili kibaki na ushairi, riwaya na utani. Ajabu ni kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kiswahili cha fizikia, basi, si ndoto ya kesho bali ni kitabu kilichokwisha kuchapwa, na kwa bahati mbaya kwa wengi kimebaki kitabu cha rafuni. Sababu si ubovu wa maneno yake. Istilahi haziishi katika orodha, huishi pale zinapofanya kazi. Tarakilishi iliundwa kwa ustadi na bado imegombania nafasi yake na kompyuta kwa miaka mingi, Kenya ikiipenda zaidi kuliko Tanzania. Wakati huo huo boda boda, neno ambalo wengi hulihusisha na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria na mizigo katika mpaka huu huu wa Busia na Malaba, halikupitishwa na baraza lolote, na leo linatumika mbali sana na mpaka huo. Lilihitajika, likatamkika, likawa na watu wa kulibeba mgongoni.

Mfano bora zaidi kwa hoja hii ni neno lililotumika tangu mwanzo wa makala haya: sumukuvu. Lilienea Tanzania katika juhudi za kuwaelimisha wakulima, na limejengwa kwa maneno mawili ambayo mtoto anayafahamu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza amekwisha kujua kwamba kuna sumu, na kwamba sumu hiyo imetokana na kuvu. Neno la Kiingereza halimpi mkulima faida hiyo. Inasikitisha kwamba upande wa Kenya wengi bado wanatumia neno la kukopa, tena kila mmoja kwa matamshi yake, hali mahindi yenyewe yanavuka mpaka na jina zuri linabaki ng'ambo. Kama wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vyetu wanatafuta kazi ya kufanya katika sayansi, waanze kwa kulivusha neno hilo. Kwanta nayo itoholewe ibaki kwanta, kwa kuwa hata katika Kilatini ilikokopwa ilikuwa na maana nyingine tu ya kiasi. Si kila neno la kigeni ni adui. Kinachopaswa kuwa chetu ni ufafanuzi.

Mpaka wenyewe unadai haya. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 uliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini humo. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kiliwakalisha maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Watu wanaofika hapo huzungumza Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Kiganda na lugha nyingine, na wakikutana wasiojuana, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Wachuuzi wadogo, wengi wao wanawake, wamewekewa utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Utaratibu umerahisishwa, lakini lugha ya cheti cha kipimo haijarahisishwa kwa kiasi hicho.

Hivyo pendekezo la makala haya ni dogo na linaweza kujaribiwa muhula ujao. Idara moja ya Kiswahili na idara moja ya fizikia au kemia, katika chuo chochote cha magharibi mwa Kenya au mashariki mwa Uganda, ziketi pamoja na maafisa wa vipimo, ziandike cheti kimoja cha mahindi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kisha zikisome mbele ya wachuuzi na kukirekebisha kila panapoulizwa swali. Kinaweza kuanza hivi: "Sampuli iliyochotwa katika mzigo huu imepatikana na sumukuvu sehemu 9 katika bilioni. Upeo wa shaka wa upimaji huu ni sehemu 2 juu au chini. Kikomo cha sheria ni sehemu 10. Mwenye mzigo ana nafasi ya kuomba sampuli ya pili ichotwe mbele yake." Mchuuzi atakayekuwa wa kwanza kuuliza, "Basi 9 na 2 juu si ni 11?" atakuwa ameuliza swali ambalo wataalamu wa vipimo wenyewe wanalijadili hadi leo, nalo ni hili: shaka ikigusa kikomo, nani abebe hasara?